Risasi iliyomshinda Bell: Maisha ya mtu wa simu na mashine ya kusaka vyuma

Siku ya tatu baada ya Idd, mpwa wangu alinijia barazani amenuna. Alikuwa ameazima kwa rafiki yake mashine ya kusaka vyuma, ile yenye mpini mrefu na sahani ya mviringo chini, akaenda nayo ufuoni Pirates alfajiri kabla watu hawajajaa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: umati mkubwa uliogelea hapo siku za sikukuu, basi sarafu, mikufu na pete zilizodondoka mchangani hazikosi. Alizunguka saa mbili. Mashine ilipiga kelele karibu kila hatua, akachimba mpaka mgongo ukamuuma, na alichorudi nacho ni vifuniko vitatu vya soda na msumari mmoja wenye kutu. Akaniapia kwamba mashine ni mbovu.

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma mbele kwenye vidole.

Nilicheka, kisha nikamketisha nikamsimulia habari za mtu mkubwa kuliko sisi aliyepatwa na kisa kinachofanana na hicho. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akitafuta sarafu. Alikuwa akitafuta risasi ndani ya mwili wa rais wa Marekani, na rais huyo akafa. Mtu mwenyewe ni Alexander Graham Bell. Sote twamjua kwa simu. Wachache wajua kwamba ile fimbo ambayo askari hutupitishia mwilini tukiingia benki au duka kubwa, na ile mashine ya mpwa wangu, zina ukoo mmoja na kifaa alichokiunda Bell kwa siku chache za kiangazi mwaka 1881. Wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, Scotland. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sauti. Babu yake na baba yake walikuwa walimu wa matamshi, na baba, Alexander Melville Bell, alibuni alfabeti ya pekee iliyoonyesha namna ulimi, midomo na koo vinavyokaa mtu anapotoa kila sauti. Mama yake, Eliza, alikuwa na uziwi, lakini alipiga piano. Watu wengine walisema naye kwa mrija wa kusikilizia aliouweka sikioni. Bell alipokuwa mdogo aligundua njia yake: alisogeza mdomo karibu na paji la uso la mama, akasema kwa sauti nzito ya chini, na mama akamwelewa. Tangu utotoni, basi, alijua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko una njia nyingi za kupita.

Kifua kikuu kiliifanyia familia hiyo ukatili. Ndugu yake mdogo, Edward, alifariki mwaka 1867. Kaka yake mkubwa, Melville, akafuata mwaka 1870. Wazazi walibaki na mtoto mmoja, naye afya yake ilikuwa dhaifu. Wakafunga virago mwaka huo huo wa 1870 wakahamia Brantford, katika jimbo la Ontario nchini Canada, wakitafuta hewa safi. Mwaka uliofuata Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi kusema, na mwaka 1873 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo msichana Mabel Hubbard, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka mitano kwa sababu ya homa. Walioana tarehe 11 Julai 1877.

Kazi ya simu yenyewe inajulikana, sitairefusha. Hataza yake ilitolewa tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, akayasikia maneno ya Bell kupitia waya akiwa chumba kingine. Kesi zikafuata kwa miaka mingi, maana wengine walidai wao ndio wa kwanza, lakini mahakama zilimpa Bell haki. Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ilimtunuku Tuzo ya Volta ya faranga 50,000. Pesa hizo hakuzitia kwenye jumba wala farasi. Alifungua karakana ya utafiti jijini Washington, akafanya kazi na fundi hodari aitwaye Charles Sumner Tainter.

Hapo ndipo alipokuwa, kijana wa miaka 34 mwenye jina kubwa, wakati Marekani ilipopata msiba.

Asubuhi ya tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield aliingia kituo cha treni jijini Washington akielekea mapumzikoni. Alikuwa madarakani miezi minne tu. Mtu mmoja aitwaye Charles Guiteau, aliyekasirika kwa kunyimwa cheo serikalini, alimpiga risasi mbili kutoka nyuma. Moja ilimkwaruza mkono. Ya pili iliingia mgongoni ikabaki ndani.

Daktari aliyeshika usukani wa matibabu aliitwa Willard Bliss. Tangu pale kituoni, madaktari walitia vidole na vyuma katika kidonda wakiisaka risasi, bila kunawa mikono kama inavyopasa. Wakati huo daktari Mwingereza Joseph Lister alikuwa ameshafundisha kwa miaka mingi kwamba vidonda huharibiwa na vijidudu, lakini madaktari wengi wa Marekani walikuwa bado hawajaukubali ukweli huo. Bliss aliamini risasi imekwenda upande wa kulia wa mwili, na imani hiyo akaishikilia.

Mashine za eksirei hazikuwepo. Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo mwaka 1895, miaka 14 baadaye. Mwaka 1881 daktari alikuwa na macho yake, vidole vyake na dhana yake, basi.

Bell alizisoma habari hizo akawa hana raha. Alikumbuka jambo alilolijua kutokana na kazi yake ya simu: waya mmoja wenye umeme wa kupapatika huweza kuamsha umeme katika waya mwingine ulio jirani, hata kama hazigusani. Jambo hilo lilikuwa adui wa simu, maana lilileta kelele za nyaya za simu ya maandishi masikioni mwa wanaozungumza. Mafundi walijifunza kupanga nyaya ili kelele ya upande huu iifute kelele ya upande huu mwingine. Fundi mwingine, David Edward Hughes, alikuwa ameshatengeneza London kifaa cha mizani ya umeme kwa kanuni hiyo. Mtaalamu wa nyota, Simon Newcomb, naye alikuwa na fikra kwamba umeme na sumaku vyaweza kuisaka risasi. Bell akawasiliana naye, akaacha shughuli zake Boston, akaenda Washington.

Kifaa alichokiunda na Tainter chaelezeka kwa maneno mepesi. Chukua koili mbili za waya. Ya kwanza iunganishe na betri na kikatizi, ili umeme uende na kukatika mfululizo. Ya pili iunganishe na kisikizi cha simu. Zipandishe kidogo, moja juu ya nyingine, uzisogeze taratibu mpaka zifike mahali ambapo ya kwanza haiiamshi ya pili tena. Hapo kisikizi kinakaa kimya. Sasa sogeza kipande cha chuma, risasi au dhahabu karibu nazo. Mizani inavunjika, na sikio linasikia mvumo. Ukimya ndio habari ya kwamba hakuna kitu, na sauti ndiyo habari ya kwamba kipo.

Walifanya kazi usiku na mchana katika joto la Washington. Walificha risasi ndani ya pande la nyama ya ng'ombe na ndani ya gunia la pumba zilizoloweshwa, ili zifanane na mwili wa mtu, kisha wakazisaka. Waliwaomba askari wazee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliokuwa bado na risasi miilini, waje wapimwe. Kifaa kilifanya kazi.

Jioni ya tarehe 26 Julai Bell aliingia Ikulu ya Marekani akiwa na koili, betri na nyaya zake. Rais alikuwa amekonda, amelala mbele ya madaktari wanaotazama. Bell akasikiliza. Badala ya ukimya alisikia mkwaruzo usiokwisha, na kifaa kikawa hakihisi mbali kama karakanani. Aliporudi na kukagua alikuta kosa dogo: sehemu moja, iitwayo kondensa, ilikuwa imeunganishwa vibaya. Ni haraka tu.

Akarekebisha, akarudi tarehe 1 Agosti. Safari hii kifaa kilikuwa sawa. Akapitisha koili upande wa kulia, ambako Bliss aliamini risasi iko, akasikia mvumo hafifu. Lakini ulienea mahali papana, si pale pamoja kama inavyopasa risasi moja kusikika. Kwa Bliss huo ulikuwa ushahidi kwamba dhana yake ni sahihi. Bell hakuridhika. Kesho yake alirudi Ikulu kuuliza kama palikuwa na chuma chochote karibu na kitanda. Ndipo alipojulishwa kwamba chini ya godoro alilolalia rais palikuwa na godoro jingine, lililosukwa kwa nyaya za chuma.

Watu wengi husimulia kisa hiki wakaishia hapo, kwamba godoro ndilo lililomshinda Bell. Mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Alitafuta godoro la aina hiyo hiyo akalijaribu, na alipoandika ripoti yake baadaye hakulitupia godoro lawama yote. Aliona kwamba risasi ilikuwa ndani mno, mbali kuliko uwezo wa kifaa. Juu ya hayo, upekuzi ulielekezwa upande wa kulia. Weka mambo haya matatu kichwani, msomaji, maana nitayarudia: chuma kilichokuwa karibu pasipo mtu kujua, kina kilichozidi uwezo wa mashine, na kutafuta pale tu mkubwa anapotaka.

Mwezi huo huo Bell alipata pigo la nyumbani. Mabel alikuwa mjamzito huko alikomwacha. Tarehe 15 Agosti alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Walimwita Edward, jina la yule ndugu aliyekufa. Kifua chake kilikuwa hakina nguvu ya kuvuta pumzi, akafariki baada ya saa chache. Ilivyo kawaida yake, Bell aliigeuza huzuni kuwa kazi. Alibuni koti la chuma la kumfunika mgonjwa kifua na kumsaidia kupumua kwa kuvuta na kusukuma hewa. Miaka mingi baadaye, wakati wa polio, wengine waliunda mashine kubwa za kupumulia kwa fikra kama hiyo.

Garfield alihamishiwa ufuoni New Jersey tarehe 6 Septemba, akitarajiwa kupata nafuu kwa upepo wa bahari. Alifariki tarehe 19 Septemba 1881, siku 79 tangu kupigwa. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilionekana upande wa kushoto, nyuma ya kongosho, imefunikwa na nyama na imetulia. Kilichomuua zaidi ni usaha na sumu iliyosambaa mwilini kutokana na kidonda kilichochokorwa. Huenda mtu yule angeishi na risasi yake, kama wale askari wazee.

Bell hakukitupa kifaa. Alitengeneza na kingine, sindano iliyounganishwa na kisikizi cha simu, inayolia inapogusa madini ndani ya mwili, na madaktari wakaitumia kabla ya eksirei kuenea. Agosti 1882 alisimama mbele ya wanasayansi mjini Montreal akaeleza kila alichofanya, pamoja na makosa yake, ili atakayekuja baadaye aanzie hapo alipoishia. Hilo ndilo nililopenda zaidi katika maisha yake. Bliss alishindwa akashikilia dhana. Bell alishindwa akaandika.

Aliishi miaka 40 zaidi baada ya hapo. Alimsaidia Helen Keller, binti kipofu na kiziwi, kupata mwalimu, na Helen akamtunukia kitabu cha maisha yake mwaka 1903. Aliongoza shirika la National Geographic. Akahamia urukaji: tarehe 23 Februari 1909 ndege ya kundi lake, Silver Dart, iliruka juu ya barafu huko Baddeck, Nova Scotia. Wala tusimfanye malaika. Alipinga lugha ya ishara na kushikilia kwamba viziwi lazima wafundishwe kusema kwa mdomo, na viziwi wengi hadi leo wanaona aliwadhuru. Pengine hapo naye alikuwa Bliss wa mambo yake. Alifariki tarehe 2 Agosti 1922, na wakati wa mazishi yake simu zote za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Kifaa chake kiliendelea bila yeye. Mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, Gerhard Fisher, alipata hataza ya mashine ya kubebeka mwaka 1937 nchini Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wa Poland aitwaye Józef Kosacki aliunda nyingine ya kusaka mabomu ya ardhini, iliyotumika El Alamein, Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, mashine zikaingia mikononi mwa watu wa kawaida, hadi kwa mpwa wangu.

Sasa turudi kwenye yale mambo matatu, maana ndiyo mafunzo ya anayeshika mashine hii kwa mara ya kwanza.

Kwanza, ondoa godoro la chuma. Kabla ya kuwasha, vua saa, pete na viatu vyenye chuma, na simu usiiweke mfukoni karibu na sahani. Funga waya wa koili vizuri kwenye mpini usiningʼinie. Urefu wa mpini uurekebishe mpaka usimame wima, mkono umelegea, na sahani iwe juu ya ardhi kwa vidole viwili hivi. Kisha isawazishe na ardhi: tafuta mahali pasipo na chuma, ipandishe na kuishusha sahani taratibu huku ukirekebisha mpaka inyamaze. Kazi hii ndiyo ile ya Bell ya kusogeza koili mbili. Pwani ina mtihani wake, kwani mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme na kuidanganya mashine. Anayeanza na aanzie mchanga mkavu wa juu, na akifika penye maji apunguze wepesi wa kuhisi. Tamaa ya kufungua kila kitu mpaka mwisho ndiyo huleta kelele.

Pili, jua kina cha mashine yako. Fukia sarafu ya shilingi ishirini kwa kina cha kidole, kisha cha kiganja, kisha zaidi, uisikilize kila mara. Utajua sauti yake na mahali inapopotea. Mashine nyingi za kujifurahisha huipata sarafu kwa kina cha kiganja au zaidi kidogo. Hazioni sanduku lililo chini ya kisima. Anayekuuzia ndoto hiyo mkimbie. Ukitumia kichujio cha kuzima misumari, kumbuka kwamba dhahabu nyembamba na vipande vya alumini vya mikebe ya soda husikika karibu sawa. Ukivizima vyote, umeizima na pete.

Tatu, usitafute upande mmoja. Tembea kwa mistari, sahani ikienda kushoto na kulia sambamba na ardhi, na kila mpigo ukanyage nusu ya mpigo uliotangulia. Ukisikia sauti, ipitie tena kutoka upande mwingine, iwe kama msalaba; inapokutana ndipo uchimbe. Shimo ulifukie, kwani kuna watoto wanaokimbia hapo.

Na kuna mahali pasipochimbwa. Gede, Jumba la Mtwana, Mnarani, Takwa na magofu yetu mengine yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Kuchimba huko bila leseni ni kosa, na ukikutana na kitu cha kale popote yakupasa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Si sheria tupu. Sarafu ya kale iliyong'olewa mahali pake ni kipande cha shaba. Ikiachwa kwa wataalamu, inatueleza wazee wetu walifanya biashara na nani. Vidole vichafu katika kidonda cha Garfield viliharibu zaidi ya risasi yenyewe.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alirudi Pirates miguu mitupu, saa ameiacha nyumbani. Alinipigia simu kabla ya saa tatu, sauti yake nyingine kabisa. Amepata sarafu kadhaa na pete ndogo ya fedha ya mtoto. Sarafu ni za shilingi moja moja, hazina mwenyewe atakayezililia. Pete ni jambo jingine. Masheikh wetu wametufundisha hukumu ya kitu cha kuokota: hutangazwa, na chenye thamani hutangazwa mwaka mzima, kisha anayekidai ataje alama yake. Basi natangaza. Pete iko salama. Alama yake siitaji. Mwenye mtoto aliyerudi nyumbani siku ile ya Idd akilia, na aje aniambie imeandikwa nini ndani.